Jina la mtu kwenye taarifa ya wiki: mwaka wa kwanza wa kamati ya habari ya klabu, Kigoma

Klabu yetu ya huduma hapa Kigoma mjini hukutana kila Alhamisi saa 11 jioni. Tuko 34: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa Mwanga na Gungu, watumishi wa bandari na reli, wenye maboti wa Kibirizi, wastaafu kadhaa wa Ujiji. Mwaka wa klabu huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, kama ilivyo kwenye klabu za Rotary na Lions, na viongozi hukabidhiana ofisi siku hiyo. Uongozi ulioingia Julai 2023 uliamua klabu iwe na taarifa ya wiki isiyokosa: habari za kikao, za miradi na za wanachama. Kazi ikapewa kamati ya watu watatu.

Tuliidhani kazi nyepesi. Kikao kimefanyika, unaandika kilichosemwa, unatuma. Hatukujua kwamba taarifa ya namna hii imejaa majina ya watu: nani kafiwa, nani kalipa, nani kachangia, nani kasaidiwa. Makosa yetu mazito ya mwaka ule yote yalikuwa na jina la mtu ndani yake, na mwenye jina ndiye aliyeumia. Tunayaandika kwa ajili ya kamati nyingine inayoanza.

Kosa la kwanza lilikuwa la umbo tu, halikumuumiza mtu. Toleo la Julai lilikuwa na kurasa sita za A4, nembo ya rangi, picha 14, na salamu za rais wa klabu ukurasa mzima. Faili lilifika MB 11. Tulilituma Ijumaa mchana, na kufikia Jumatatu wanachama tisa walikuwa wameuliza kikao kijacho ni wapi, ilhali ukumbi umetajwa ukurasa wa nne. Tulikasirika, tukasema watu hawasomi. Baadaye mmoja wetu alikaa mwaloni Kibirizi na mwanachama mwenye boti akamwomba alifungue faili lile hapo hapo. Lilipakuliwa dakika nne, bando la siku likapungua, na ukurasa ulipofunguka herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Ilibidi aukuze kwa vidole, kisha ausukume kushoto na kulia mstari kwa mstari, na jua lile la ziwani linampiga kwenye kioo. Akasoma mistari mitatu, akaizima simu. Na wanachama watano wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp, hawakuwa wamepata chochote.

Tuliibadilisha hivi. Ujumbe wa maandishi matupu wa maneno yasiyozidi 250 hutumwa WhatsApp kwanza, na ndio taarifa yenyewe. Anayetaka zaidi hufungua faili dogo linalofuata, la ukubwa wa A5, herufi za kipimo cha 14, picha zisizozidi mbili, uzito chini ya MB 1. A5 inakaa kwenye kioo cha simu bila kukuzwa, na ukiichapa, karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati inabeba kurasa nne. Kwa wenye vitochi tunatuma ujumbe mfupi wa kawaida wenye mambo matatu tu: kikao wapi na saa ngapi, msiba kama upo, na zamu ya nani. Nakala zao za karatasi wanazipata kikaoni.

Gharama haikuwa kwenye bajeti, na kwa miezi mitatu ilitoka mifukoni mwa kamati kimyakimya. Steshenari tunayotumia inachapa upande mmoja kwa shilingi 500 na kopi ni 100 kwa upande. Karatasi moja pande mbili ni 1,000, kopi tisa ni 1,800, na bando la 2,000. Kwa wiki ni 4,800, kwa mwaka karibu 250,000. Ziandikwe kwenye bajeti kuanzia Julai. Kamati inayojilipia huchoka ifikapo Oktoba, na ikichoka huanza kuruka wiki.

Jambo moja la WhatsApp lilitusumbua mwezi mzima. Tulitumia orodha ya matangazo badala ya kundi, ili taarifa isizamishwe na salamu za asubuhi. Wanachama saba hawakuwa wanaipata, nasi tukidhani wameinyamazia. Orodha ya matangazo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba inayotuma. Namba ya katibu ilikuwa imebadilika Julai, na hao saba walikuwa na ile ya zamani. Siku hizi mwanachama mpya huhifadhi namba mbele yetu, na tunamtumia ujumbe wa majaribio kabla hajaondoka ukumbini.

Agosti likatupata la msiba. Ijumaa jioni mtu aliandika kwenye kundi: "Mama wa Mwalimu ametutoka huko Kasulu." Toleo la Jumamosi likatoka na tanzia ya mistari minne, tukamtaja mama mzazi wa mwanachama huyo kwa majina yake yote mawili, kwa kuwa tulikuwa nayo kwenye daftari la wanachama. Aliyefariki alikuwa mama yake mkubwa. Mama mzazi alikuwa mzima, yuko hapo hapo msibani kwa dada yake, na simu za pole zikaanza kuingia kwa watoto wake kumhusu yeye. Kila mtu wa huku anajua kwamba mama mkubwa na mama mdogo wote ni mama, na kwamba mtu akifiwa hasimami kueleza ni mama yupi. Sisi tulijua pia. Tuliandika kwa haraka.

WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili hivi, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine hazifutiki. Sisi tuligundua baada ya saa tatu. Rais wa klabu na katibu walipanda gari kwenda Kasulu kesho yake, wakaomba radhi mbele ya wazee wa familia, na mama yule akawapokea kwa upole ambao hatukuustahili. Toleo lililofuata lilianza na masahihisho, juu kabisa, kabla ya habari nyingine yoyote. Masahihisho yanayofichwa chini ya ukurasa ni kosa la pili.

Tangu siku hiyo tanzia haiandikwi mpaka mmoja wetu awe ameongea kwa simu na msemaji wa familia. Si na mwanachama mwenyewe, maana anaweza kuwa hawezi kusema. Tunauliza jina kamili la marehemu na namna linavyoandikwa. Alikuwa nani kwa mwanachama, na hapo tunataja wazi: mzazi, mkubwa, mdogo, mkwe. Msiba uko nyumba gani. Mazishi siku gani, saa ngapi, wapi. Na rambirambi zipelekwe kwa nani. Namba ya simu ya rambirambi tunaijaribu kwanza kwa kuangalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala, kisha jina hilo tunaliandika pembeni ya namba. Chanzo cha kifo hatuandiki hata tukiambiwa. Na tanzia haisubiri Jumamosi. Kwa Waislamu maziko huwa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo ujumbe hutoka mara tu unapothibitishwa, na toleo la wiki hubeba shukrani za familia tu.

Wagonjwa tuliwawekea utaratibu mkali zaidi. Mwanzoni tuliandika "mwenzetu fulani amelazwa hospitali ya Maweni, wodi fulani, anasumbuliwa na kitu fulani, twendeni tukamwone." Nia ilikuwa njema. Lakini ugonjwa ni siri ya mwenye mwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na habari za watoto na za miamala ya fedha ya mtu. Ukiangalia vizuri, hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yamejaa matoleo yetu. Sasa tunaandika "mwenzetu anaumwa, anayetaka kumjulia hali awasiliane na katibu," na jina linaingia tu akiruhusu mwenyewe. Wengi huruhusu. Wachache hukataa, na mmoja aliyekataa alishukuru sana kwamba aliulizwa.

Habari za furaha zina mitego yake midogo. Mtoto mchanga asitangazwe kabla ya wazazi kutangaza wao. Harusi isitajwe tarehe mpaka kamati ya harusi iseme. Uhamisho wa mtumishi usiandikwe kwa kusikia ofisini, barua iwe mkononi kwake kwanza.

Septemba 2023 lilitokea kosa la namba. Mwezi huo kulikuwa na kampeni ya chanjo ya polio katika mikoa sita: Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya, baada ya mgonjwa kupatikana Rukwa. Klabu ilijitolea kuhamasisha mitaa miwili. Sote tumezoea kampeni za watoto walio chini ya miaka mitano, kwa hiyo tukaandika mitano kwa mazoea. Kampeni ile ilikuwa ya watoto walio chini ya miaka minane. Muuguzi wetu mmoja aliliona saa mbili baadaye, na kwa saa hizo mbili ujumbe ulikuwa umeshazunguka kwenye makundi ya mtaa. Wahamasishaji walipopita Mwanga kesho yake walikuta nyumba ambazo mdogo amepelekwa na wa darasa la kwanza ameachwa, "si mlisema chini ya mitano?" Ilibidi warudi nyumba kwa nyumba.

Sasa namba yoyote ya umri, kipimo, tarehe au pesa inanakiliwa kutoka kwenye karatasi, si kutoka kichwani, na mtu wa pili huisoma kwa sauti huku wa kwanza akiangalia karatasi hiyo. Ni dakika tatu. Mgeni aliyezungumza kikaoni husomewa aya yake kwa simu kabla haijatoka. Wageni wengi hufurahi, na karibu kila mmoja hurekebisha kitu.

Kuhusu miradi, tulikuwa tunaandika sherehe badala ya kazi. Novemba tulitangaza kwamba kisima cha kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini, unakofika kwa boti kutoka Kibirizi, kimekarabatiwa na "wananchi wanafurahia maji safi na salama." Chanzo kilikuwa simu ya fundi. Wanachama wawili walipofika Januari walikuta kinamama wanateka ziwani, na pampu ya mkono imefungwa kamba ya katani ili watoto wasiichezee. Watu wa pwani ile hawajasahau kipindupindu cha Kagunga cha mwaka 2015. Kurudi kwenye maji ya ziwa si jambo dogo kwao, na taarifa yetu ilikuwa imewaambia wachangiaji kwamba habari hiyo imekwisha.

Fundi alikuwa amebadilisha raba ya pistoni, na hiyo ilikuwa sahihi. Hakugusa vali ya chini, ile inayozuia maji ya bomba yasirudi kisimani, na ilikuwa inavuja. Pampu kama hiyo ukiipiga mfululizo mara baada ya matengenezo inatoa maji vizuri, na picha inapendeza. Ukiiacha ipumzike, maji yote yaliyo kwenye bomba yanashuka, na mtu wa asubuhi anapiga mpini hadi mikono inakufa ganzi kabla ya tone la kwanza. Kupima ni rahisi na hakuhitaji utaalamu. Piga mpaka maji yatoke, acha nusu saa bila mtu kuigusa, kisha piga tena huku unahesabu. Maji yakichelewa zaidi ya mipigo mitano, kuna kinachovuja chini, vali au maungio ya bomba. Halafu weka ndoo yenye alama na upige mipigo 40 kamili kwa mwendo wa kawaida: isipofika lita 10, raba imekwisha au maji ya kisima yamepungua.

Siku hizi habari ya kisima kwenye taarifa yetu inaandikwa namna hii, na hatutumii kipimo ambacho hakikufanywa na mwanachama aliyekuwepo:

"Kisima cha shuleni: kimepimwa Jumanne saa 4 asubuhi. Baada ya kupumzika nusu saa, maji yalitoka mpigo wa 3. Mipigo 40 ilitoa lita 13. Raba na vali ya chini vimebadilishwa. Raba za akiba mbili ziko kwa katibu wa chombo cha kijiji kinachosimamia maji. Kitapimwa tena baada ya siku 60."

Hapo hakuna shangwe, lakini mwanachama aliyetoa 30,000 yake anaona pesa imefanya nini. Na ile siku 60 inatulazimisha kurudi, kwa sababu imeandikwa na watu wameiona. Tuligundua kwamba toleo la siku ya makabidhiano ndilo lisilo na thamani kubwa. La mwezi wa pili ndilo linalosema ukweli.

Lililotuumiza kuliko yote lilikuja Machi 2024. Tuliandaa uchangiaji damu Jumamosi, na tangazo lilisema "Kila mwanachama aje na rafiki, damu ni uhai." Halikusema kingine. Ramadhani ilikuwa imeanza wiki hiyo. Walikuja watu 41, waliotoa damu wakawa 17. Waliorudishwa walikuwa na kila sababu: wanafunzi wasiotimiza miaka 18, watu wa chini ya kilo 50, mama anayenyonyesha, mtu aliyekuwa bado anatumia dawa ya malaria, wanaume waliochangia Januari, na waliofunga, ambao hawashauriwi kutoa damu bila kula na kunywa. Watu walipanga foleni juani saa mbili kuja kuambiwa hapana. Wahudumu wa damu salama walikuwa wamekuja na vifaa vya watu wengi.

Hilo lilikuwa la tangazo, na lilirekebishika. La pili lilifanyika Jumamosi jioni. Kwa furaha tuliandika majina ya wote 17 tukawashukuru. Wale waliokuja na hawakuwemo kwenye orodha wakaanza kuulizwa, kwanza kwa utani, kisha kwa minong'ono. Huku kila mtu anajua damu hupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Haikuwa na maana yoyote: huyu alikuwa na uzito wa kilo 47, yule wingi wa damu haukutosha siku hiyo, na vipimo vya virusi hata havifanyiki pale kwenye foleni, hufanyika maabara baadaye kwa damu iliyokwisha kutolewa. Lakini nani atasimama kujieleza? Dada mmoja, rafiki wa mwanachama wetu, alilia. Mwanachama aliyemleta alitwambia kwa sauti ya chini kikaoni, na ukumbi ukanyamaza. Hatukuwa tumewaza kwamba orodha ya kumshukuru mtu ni orodha pia ya walioachwa.

Kwa uchangiaji damu hatuandiki jina hata moja, hata la rais wa klabu, hata akitaka. Tunaandika idadi ya chupa na tunawashukuru "wote waliofika," maana aliyefika alikuwa tayari. Na tangazo letu la sasa linatoka mara mbili, wiki mbili kabla na siku tatu kabla:

"Uchangiaji damu Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Uwe na miaka 18 hadi 65 na uzito kuanzia kilo 50. Mwanaume awe amepitisha miezi mitatu tangu achangie mara ya mwisho, mwanamke minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Kama unatumia dawa yoyote au uliumwa karibuni, sema kwa mhudumu. Kula chakula, kunywa maji ya kutosha. Utatolewa chupa moja ya mililita 450 au pungufu kidogo. Mhudumu akikwambia si leo, hakuna atakayekuuliza sababu."

Sentensi ya mwisho iliongezwa na yule mwanachama. Tarehe nayo tunaipanga kwa kalenda zote mbili, ya serikali na ya Kiislamu, na mwezi wa Ramadhani tunauacha isipokuwa tukiombwa, na hapo tunafanya baada ya futari.

Picha zilikuwa na tatizo linalofanana na hilo. Tulipokabidhi viti mwendo vinne, toleo lilionyesha mtoto mmoja uso wazi, jina, shule na mtaa, na viongozi wetu sita wamesimama nyuma yake kwa fulana za klabu. Mama yake aliruhusu siku hiyo. Lakini ruhusa ya mtu anayepokea msaada, mbele ya watu sita, si ruhusa ya kutegemea. Sasa tunauliza siku nyingine, bila kiti kuwepo, anaulizwa na mtu mmoja tu, na tunaonyesha picha yenyewe kwenye simu: "Hii ndiyo itatumwa, na itaonwa na watu tusiowajua." Akisita kidogo tu, haitumwi. Tunapiga picha za magurudumu kwenye mchanga, mikono ikisukuma, breki iliyofungwa. Picha bora ya mwaka ule ilikuwa ya mikono ya fundi akikaza nati ya gurudumu la nyuma.

Viti hivyo hivyo vilitufundisha kuandika pesa. Kwenye harambee yake ilipatikana 1,450,000, tukaandika "tumekusanya 1,450,000." Zilizokuwa mkononi ni 910,000. Nyingine 540,000 zilikuwa ahadi. Muuzaji aliisoma taarifa kupitia kwa mwanachama, akaja kudai salio lake, na mweka hazina akaonekana kama mtu anayekalia fedha. Ni mama mtu mzima, amefanya kazi ya hesabu maisha yake yote. Wiki ile hakuja kikaoni. Tulimfuata kwake, tukaomba radhi, kisha toleo zima likatumika kuonyesha hesabu shilingi kwa shilingi. Tangu hapo habari ya mchango ina mistari minne isiyochanganywa: taslimu iliyopokelewa, ahadi zilizobaki, makato ya kutuma na kutoa, na kilichotumika. Mweka hazina huisaini kwa kalamu, tunaipiga picha karatasi yake, na namba zinanakiliwa kutoka hapo. Makato ya kutoa pesa kwa wakala yanadharauliwa, lakini ndiyo huleta pengo linalozua maneno.

Kisha ikaja ada. Kuanzia Julai kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunachapisha jedwali la majina yote 34 na neno "amelipa" au "hajalipa." Ada ni 20,000 kwa mwezi. Hakuna aliyelalamika, na makusanyo yalipanda, hivyo tukaona ni utaratibu mzuri. 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nia ya kufunga tunaielewa, dagaa na migebuka walikuwa wamepungua na wavuvi wenyewe wanasema hivyo. Lakini boti lililoegeshwa halilipi ada. Jedwali la Mei lilikuwa na watu watano wenye "hajalipa," wote wa Kibirizi. Wawili wakaacha kuja. Mtu alipopita kuwasalimia, mmoja alimwonyesha jedwali letu likiwa kwenye kundi jingine kabisa, la wafanyabiashara wa samaki, na maneno ya dhihaka chini yake. Alisema, "Mimi nimetoa boti langu bure kupeleka mabomba ya kisima kile. Hilo hamkuliandika."

Ni kweli hatukuliandika. Safari mbili za boti, mafuta yake, siku yake, na kwenye taarifa alikuwa jina lenye deni. Kuiandika habari hiyo kwenye toleo lililofuata hakukutosha, lakini tuliiandika, kwa ruhusa yake, tukaeleza mabomba mangapi yalibebwa na wimbi lilivyokuwa. Amerudi kikaoni. Yule wa pili bado.

Jedwali la majina lilikoma siku hiyo. Toleo linataja jumla tu: ada iliyotarajiwa, iliyoingia, iliyobaki. Kila mwanachama hupata hesabu yake peke yake kwa ujumbe wa mweka hazina. Kikao kiliamua pia kwamba miezi ziwa linapofungwa, wanaoishi kwa ziwa hulipa baada ya kufunguliwa, na uamuzi huo uliandikwa kama kanuni ya wote bila kumtaja mtu. Na tumeongeza sehemu fupi ya michango isiyo ya fedha: gari, boti, ukumbi, siku ya kazi ya fundi, sufuria za kupikia. Sehemu hiyo ndiyo inayosomwa sana sasa.

Ratiba imekaa hivi. Alhamisi kikaoni mmoja anaandika, wa pili anakusanya habari za wanachama kwa kuzunguka meza kabla kikao hakijaanza, maana baada ya kikao kila mtu anawahi usafiri. Ijumaa ni siku ya simu: msemaji wa familia, fundi, mgeni, mweka hazina. Jumamosi saa 4 asubuhi rasimu inakuwa tayari, saa 8 mchana inasomwa kwa sauti na wote watatu, na kila jina linaulizwa: mwenyewe anajua, ameruhusu, limeandikwa sawasawa? Lisilo na jibu linatoka. Saa 1 jioni inatumwa, watu wakiwa nyumbani na simu ziko kwenye chaji. Umeme ukikatika, rasimu iko kwenye simu mbili, si kwenye kompyuta pekee. Wiki isiyo na habari inapata mistari mitano, na inatumwa saa ile ile.

1 Julai 2024 tuliikabidhi kamati mpya. Walipokea daftari la wanachama lenye safu ya namna jina linavyoandikwa na safu ya nani wa kupigiwa familia ikipata msiba. Simu ya klabu yenye laini yake, ili namba isibadilike tena na katibu. Faili la ruhusa za picha. Tarehe sita za kurudi kupima visima. Na bahasha yenye 20,000 ya kuanzia uchapaji. Toleo lao la kwanza lilitoka Jumamosi ile, maneno 190, na habari ya juu kabisa ilikuwa ratiba ya zamu za kumpelekea chakula mwenzetu anayeumwa. Jina halikuwemo. Zamu zilijaa kabla ya saa 3 usiku.